Hekalu na Kasri la Seoul: Majirani wa Juzi

Ziara ya asubuhi mjini Seoul ina njia yake inayojulikana. Gari dogo linapita hotelini mnamo saa 2 na nusu na kuwashusha wageni Jogyesa, hekalu la Kibudha lililozungukwa na majengo marefu ya ofisi. Nusu saa baadaye kundi linaelekea kasri la Gyeongbokgung ili kuwahi zamu ya walinzi inayobadilishwa saa 4 kamili. Watu wanazunguka kasri, wanapita kwenye makumbusho ya maisha ya Wakorea yaliyo ndani ya uwanja huohuo, na ikigonga saa 6 mchana ziara imekwisha.

Nilipoifanya ziara hiyo mara ya kwanza niliondoka nikiamini nimeiona Korea ya kale ikiwa nzima: wafalme wakitawala hapa, watawa wakiwaombea pale, na hatua chache tu kati yao. Mapaa ni yaleyale yanayopinda juu kwenye pembe. Rangi ni zilezile, kijani na nyekundu. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba kwa sehemu kubwa ya miaka 500 ambayo ukoo uliojenga kasri lile ulitawala, mtawa wa Kibudha hakuruhusiwa hata kuvuka lango la mji. Hekalu liliingia Seoul pale kasri lilipokuwa linakata roho. Namna mambo hayo mawili yalivyokutana ni kisa ambacho mwongozaji mwenye saa tatu na watu ishirini wa kuwahesabu hawezi kukimaliza, na bila kisa hicho unabaki unatazama mapaa tu.

Kinachochanganya macho

Tuanze na rangi, maana ndizo zinazotufanya tudhani ni nyumba za ukoo mmoja. Wakorea wanaziita dancheong. Ni rangi tano za msingi, yaani buluu, nyekundu, njano, nyeupe na nyeusi, na kila moja ina upande wake wa dunia: buluu mashariki, nyekundu kusini, nyeupe magharibi, nyeusi kaskazini, na njano katikati. Majengo haya ni ya mbao za msonobari, kwa hiyo rangi ilikuwa dawa kabla ya kuwa pambo. Iliikinga mbao na mvua, jua na wadudu. Ilikuwa pia alama ya cheo. Raia, hata awe tajiri wa kutupa, hakuruhusiwa kuipaka nyumba yake. Nyumba ya mfalme iliipata, ukumbi wa serikali uliipata, na mahekalu nayo yakaipata, tena mara nyingi kwa mikono ya watawa waliokuwa mafundi wa kazi hiyo.

Ukishajua hilo, tofauti inaanza kuonekana. Kwenye kasri mapambo mazito yamewekwa kwenye ncha za boriti, na katikati mbao imeachwa ipumue. Kwenye hekalu boriti imejazwa mwanzo hadi mwisho kama kanga, na nje ukutani kuna picha za maisha ya Budha, tangu kuzaliwa hadi kufa, ili asiyejua kusoma naye afundishwe. Ukuta wa kasri haumsimulii mtu kisa. Uliwekwa kumwonyesha mahali pake pa kusimama.

Jambo jingine linalowashtua wageni ni ile alama ya msalaba wenye ncha zilizokunjwa, iliyochorwa kwenye mahekalu na hata kwenye ramani za Korea. Huko ni alama ya heri ya Kibudha, na imekuwepo kwa karne nyingi kabla Wanazi hawajaitumia kwa uovu wao. Ukiiona, ujue tu kwamba hapo pana hekalu.

Waziri, mtawa na upande wa kutazama

Kabla ya Seoul ya wafalme hawa kulikuwa na Goryeo, ufalme uliotawala tangu mwaka 918, na Ubudha ndio uliokuwa uti wa mgongo wake. Mahekalu yalimiliki mashamba na watumwa, na mengi hayakulipa kodi. Mwaka 1392 jenerali Yi Seong-gye aliiangusha Goryeo na kuanzisha ukoo wa Joseon. Waliomsaidia kupanga dola mpya walikuwa wasomi wa mafundisho ya Konfusio, mwanafalsafa wa kale wa China, na kinara wao alikuwa Jeong Do-jeon. Kwa wasomi hao, dunia inasimama kwa sababu mtawala anajua wajibu wake kwa raia, mtoto kwa mzazi, na aliye hai kwa wazee wake waliokufa. Mtawa anayewaacha wazazi wake, asiyeoa, asiyezaa wa kutambikia mizimu ya ukoo na asiyelipa kodi, machoni mwao alikuwa ameukata uzi unaoishikilia jamii.

Lakini jenerali mwenyewe alikuwa muumini wa Budha, na mtawa Muhak alikuwa mwalimu na mshauri wake. Hapa waongozaji hupenda kusimulia kwamba wawili hao waligombana juu ya kasri litazame wapi. Muhak, yasema simulizi, alitaka liegemee mlima Inwangsan na kutazama mashariki. Jeong Do-jeon akasema mfalme hutawala akitazama kusini, kwa hiyo mgongo wake uwe mlima Bugaksan. Waziri akashinda, na mtawa akatabiri kwamba ndani ya miaka 200 balaa itaufika mji. Ni hadithi, na inasikika kama ya watu waliokwisha kuiona balaa yenyewe. Mimi naipenda kwa sababu inabeba ugomvi wa kweli, na kwa sababu ukisimama mbele ya ukumbi wa kiti cha enzi unaiona milima yote miwili na kujua ni nani aliyesikilizwa.

Kasri lilikamilika mwaka 1395. Jeong Do-jeon ndiye aliyelipa jina. Gyeongbok ni neno la baraka kuu, alilolichota kwenye utenzi wa kale wa Kichina. Ukumbi mkuu aliuita Geunjeongjeon, yaani ukumbi wa kutawala kwa bidii, ili mfalme akumbushwe kazi yake kila anapoingia. Mwaka 1398 aliandika kitabu kizima cha kuupinga Ubudha. Mwaka huohuo akauawa katika vita vya kugombea urithi, na aliyemwua ni mwana wa mfalme, Yi Bang-won, aliyekuja kuwa mfalme Taejong. Huyo naye hakuwahurumia watawa: alifunga mahekalu na kutwaa mashamba yao. Mwanawe Sejong, mwaka 1424, aliyakunja madhehebu yote kuwa mawili na kuyatambua mahekalu 36 tu katika nchi nzima.

Na Sejong ndiye anayenifanya nisikubali maelezo mepesi ya kwamba wafalme wa Joseon waliuchukia Ubudha, basi. Ni mfalme yuleyule aliyebuni herufi za Kikorea mwaka 1443 na kuzitangaza mwaka 1446, akiwa na wasomi wake katika ukumbi uliokuwa magharibi ya Geunjeongjeon, pale ambapo leo limesimama jengo la Sujeongjeon. Mwaka 1446 mkewe alifariki. Mwaka 1448, mawaziri wakipinga na wanafunzi wa chuo kikuu cha dola wakigoma, alijenga chumba kidogo cha ibada ya Kibudha ndani ya kasri. Na miongoni mwa vitabu vya kwanza kabisa kuandikwa kwa herufi zake mpya ni vile vya maisha ya Budha. Sheria ya dola ilisema hivi, na mjane aliyefiwa akahitaji vingine. Wanawake wa ikulu walifanya vivyo hivyo kizazi hadi kizazi. Walituma mchele na hariri mahekaluni, na kuomba wapate watoto.

Ziara nyingine hukupeleka Bongeunsa badala ya Jogyesa, na huko kisa hiki kinaonekana vizuri zaidi. Bongeunsa lilianzishwa mwaka 794, karne sita kabla Seoul haijawa mji mkuu wa Joseon. Lipo ng'ambo ya mto Han, eneo ambalo leo ni Gangnam ya maghorofa na maduka ya kifahari, lakini zamani hizo palikuwa shamba nje ya kuta za mji, karibu na makaburi ya wafalme. Mwaka 1550 malkia mama Munjeong, aliyeshika madaraka kwa niaba ya mwanawe mdogo, aliyafufua madhehebu mawili yaliyokuwa yamefutwa na kurudisha mitihani ya watawa, na Bongeunsa likawa kituo chake. Mtawa Bou ndiye aliyekuwa mkono wake. Malkia alipofariki mwaka 1565, wasomi walilipiza. Bou alipelekwa uhamishoni kisiwa cha Jeju na kuuawa huko, na mitihani ikafutwa tena.

Lakini katika miaka ile michache ya mitihani walikuwa wamefaulu watawa wawili, Hyujeong na mwanafunzi wake Yujeong. Wakumbuke, maana tunakutana nao sasa hivi.

Mwaka 1592

Majeshi ya Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani, yalitua Busan, bandari ya kusini mwa Korea, na baada ya wiki tatu hivi yalikuwa Seoul. Mfalme Seonjo alikuwa amekwisha kukimbilia kaskazini. Kasri likateketea, na pamoja nalo makasri mengine ya mji.

Nani aliliwasha? Ukiuliza hivi hadharani utaona waongozaji wakitofautiana. Wengi husema Wajapani. Kumbukumbu za dola ya Joseon yenyewe zinaeleza jambo jingine: mfalme alipokimbia, watu wa mji waliingia na kuchoma kwanza ofisi zilizotunza daftari za watumwa. Upande wa Japani nako kuna maandishi ya watu walioingia na jeshi, wakistaajabia majengo ya kasri yakiwa bado yamesimama. Maelezo haya hayapatani kirahisi. Inawezekana sehemu iliungua kwa mikono ya wenyeji na sehemu kwa mikono ya wavamizi. Ninachomwomba msomaji ni kwamba zile daftari za watumwa zisimpite, kwa sababu zinaonyesha kuwa kasri hili zuri halikuwa zuri kwa kila aliyeishi chini ya kivuli chake.

Hapo ndipo waliofukuzwa mjini walipoitwa. Hyujeong, akiwa na zaidi ya miaka 70, alituma wito kwa mahekalu yote, na watawa wakashika silaha. Yujeong aliongoza vikosi vitani, na vita vilipokwisha dola ilimtuma Japani mwaka 1604 kufanya mazungumzo. Mwaka uliofuata akarudi na mateka wa Kikorea kwa maelfu. Dola ikamsifu na kumpa cheo, lakini malango ya mji yakaendelea kufungwa kwa watawa wenzake.

Kasri nalo likabaki gofu, miaka 270 hivi. Wafalme walihamia Changdeokgung, lililo mashariki kidogo, na huko ndiko Joseon ilikotawaliwa kwa muda mrefu zaidi. Piga hesabu: Joseon ilidumu miaka 518. Gyeongbokgung, hilo linaloitwa kasri kuu, lilifanya kazi tangu 1395 hadi 1592, kisha tangu 1868 hadi 1896. Ni kama miaka 225. Muda uliobaki palikuwa na magugu, na nguzo za mawe zimesimama ndani ya bwawa bila paa juu yake.

Mlango mmoja unafungwa, mwingine unafunguliwa

Aliyelifufua ni Heungseon Daewongun, baba wa mfalme mtoto Gojong, kuanzia mwaka 1865. Alitaka ukoo uliochoka uonekane tena una nguvu, na majengo zaidi ya 300 yakainuka kwa kasi ya ajabu. Walioilipia fahari hiyo ni wananchi. Ilichangishwa michango iliyoitwa ya hiari ambayo haikuwa ya hiari, na mwaka 1866 ikatolewa sarafu iliyoandikwa thamani ya 100 huku shaba yake ikiwa haifikii hata kidogo thamani hiyo. Bei za vyakula zikapaa. Kila ninapotazama zile nguzo nene za Geunjeongjeon naiona na ile sarafu.

Gojong alikuwa na shauku ya mambo mapya. Upande wa kaskazini wa kasri, kando ya bwawa lenye banda la Hyangwonjeong, taa za umeme za kwanza nchini Korea ziliwashwa mwaka 1887 kwa mitambo ya kampuni ya Edison, na maji ya mtambo yalichotwa bwawani humo. Hatua chache kutoka hapo, alfajiri ya tarehe 8 Oktoba 1895, Wajapani waliingia na kumwua mkewe, malkia Min, ambaye leo Wakorea wanamwita Myeongseong. Miezi michache baadaye, Februari 1896, Gojong alitoroka na kukimbilia ubalozi wa Urusi. Hakurudi tena kuishi Gyeongbokgung.

Mwaka huohuo wa 1895, miezi michache kabla ya mauaji hayo, marufuku ya watawa kuingia mjini ilikuwa imeondolewa. Aliyeandika ombi lililoifanya serikali iiondoe alikuwa mtawa wa Kijapani. Haki iliyocheleweshwa karne nyingi, na ambayo hata damu ya mwaka 1592 haikuinunua, ikaja kwa mkono wa watu waliokuwa wanaimeza nchi. Watawa wa Korea walikula tunda lile likiwa tamu na chungu kwa pamoja, na ladha hiyo haijaondoka kabisa.

Mwaka 1910 watawa wakichangisha mchele na fedha kutoka mikoani walijenga hekalu lao la kwanza ndani ya mji, Gakhwangsa. Mwaka huohuo, mwezi Agosti, Japani iliitwaa Korea rasmi. Mwaka 1915 utawala wa kikoloni ulifanya maonyesho makubwa ndani ya Gyeongbokgung, na majengo mengi yakavunjwa na kuuzwa kupisha mabanda. Mwaka 1926 likakamilika jumba kubwa la mawe la serikali ya kikoloni, likiwa limesimama mbele kabisa ya ukumbi wa kiti cha enzi, ili anayetazama kutoka barabarani asiuone. Lango la Gwanghwamun likahamishiwa upande wa mashariki mwaka uliofuata.

Mwaka 1938 hekalu la watawa lilihamia pale lilipo leo. Ukumbi wake mkubwa, ule ambao sasa una sanamu tatu za Budha za dhahabu, haukujengwa kwa mbao mpya. Ulikuwa ukumbi wa dini nyingine kabisa, Bocheongyo, iliyokuwa na makao huko Jeongeup kusini. Mwanzilishi wa dini hiyo alipofariki na utawala wa kikoloni kuivunja, mbao zake zikabebwa hadi Seoul. Jina la Jogyesa lilikuja mwaka 1954, katikati ya ugomvi mkali kati ya watawa waseja na wale waliooa kwa kufuata desturi iliyoenea wakati wa Wajapani. Waseja wakashinda, na hapo ndipo makao makuu ya dhehebu la Jogye yalipo.

Mgeni anapouliza, "Haya majengo yana miaka mingapi?" sasa unaona kwa nini mwongozaji huvuta pumzi kwanza. Geunjeongjeon ni la 1867. Gwanghwamun lilijengwa upya kwa zege mwaka 1968, baada ya kuungua katika Vita vya Korea, kisha likabomolewa na kujengwa kwa mbao mahali pake pa asili, na kufunguliwa tarehe 15 Agosti 2010. Jukwaa la mawe lililo mbele yake ni la mwaka 2023. Jumba la wakoloni lilianza kubomolewa tarehe 15 Agosti 1995, miaka 50 kamili tangu ukoloni uishe, na ncha ya kuba lake imewekwa Cheonan, kwenye makumbusho ya uhuru. Wapo Wakorea waliotaka liachwe liwe shahidi. Naelewa hoja yao, lakini naona waliobomoa walifanya haki: jumba lile liliwekwa pale kuziba macho, na njia pekee ya kuyafungua ilikuwa kuliondoa.

Sikubali pia maneno ya wasafiri wanaorudi wakisema kila kitu kule ni kipya, hivyo ni bandia. Nyumba ya mbao, popote, hubadilishwa boriti na vigae kila kizazi. Kinachorithiwa ni mpango wake, vipimo vyake, mawe ya msingi na ujuzi wa fundi. Seremala aliyelijenga Gwanghwamun la 2010 alilijenga kwa njia ya kizamani, kwa kuunganisha mbao kwa mbao.

Ukiwa kwenye uwanja

Walinzi wa saa 4 asubuhi, ambao hurudi tena saa 8 mchana, si askari. Ni maigizo ya desturi ya zamani, na yamekuwa yakifanyika hapa tangu 2002. Yatazame, ngoma yake inasisimua, ila usiyape asubuhi yote.

Ingia uwanja wa Geunjeongjeon na utazame chini. Kuna mistari miwili ya vijiwe vilivyosimama, vimechorwa vyeo: maofisa wa kiraia mashariki, wa kijeshi magharibi, wa juu karibu na mfalme na wa chini karibu na lango. Mawe ya sakafuni yameachwa makwaruzo makusudi, ili jua lisiwapige watu machoni na viatu visiteleze mvua ikinyesha. Kuna pete za chuma za kufungia turubai siku za sherehe. Kisha nenda pembe ya kusini mashariki ya uwanja na ugeuke. Hapo paa la ukumbi linaingia kati ya Bugaksan na Inwangsan kama lilichorwa nayo, na hoja ya waziri juu ya kutazama kusini unaielewa bila kuambiwa. Ndani, nyuma ya kiti, kuna kiwambo cha jua, mwezi na vilele vitano. Hakikuwa pambo la chumba: mfalme alipokwenda, kilikwenda naye.

Moto ndio uliokuwa hofu kuu ya watu hawa wa mbao. Haetae, wanyama wa mawe wenye macho makubwa walio mbele ya lango, wanasemekana kuumeza. Mwaka 1997 bwawa la Gyeonghoeru lilipokaushwa kwa matengenezo, mlitolewa joka la shaba lililozikwa humo ili liite maji. Gyeonghoeru lenyewe ndilo lile banda kubwa la karamu lenye nguzo 48 za mawe, za nje za pembe nne na za ndani za mviringo.

Moto uliokubalika ulikuwa chini ya sakafu. Nyumba za Kikorea zina ondol: jiko linawashwa nje, moshi na joto vinapita chini ya mawe ya sakafu, vinatokea upande wa pili. Katikati ya nyumba huwa na sakafu ya mbao iliyo wazi kama baraza, kwa ajili ya joto la kiangazi. Moshi ukitaka kutoka lazima uwe na bomba, na mabomba hayo yalijengwa mbali na nyumba na kupambwa. Nyuma ya nyumba ya malkia, Gyotaejeon, yamesimama kwenye bustani ya matuta kama minara midogo ya matofali ya rangi ya chungwa yenye picha za maua na wanyama. Kwenye Jagyeongjeon, nyumba ya malkia mama, bomba limekuwa ukuta wenye alama kumi za maisha marefu, miongoni mwake kulungu, korongo, kobe na msonobari. Watalii wengi hupita wakidhani ni ukuta. Hapo ndipo mimi ningetumia dakika kumi nilizookoa kwa walinzi.

Kwenye hekalu, vua viatu na uingie kwa mlango wa pembeni, kwani wa katikati ni wa wakubwa wa watawa. Usikanyage kizingiti. Waumini husujudu mara tatu, na mgeni akikaa kimya nyuma hakuna anayemkera. Ukisikia kipande cha mbao kikigongwa kwa mdundo ni moktak, ambacho asili yake ni umbo la samaki, maana samaki hafumbi macho hata akilala, na mtawa naye anatakiwa akeshe hivyo moyoni. Uani kuna msonobari mweupe wa miaka ipatayo 500. Uliota wakati mtawa hawezi kukanyaga mtaa huo, na hekalu likaja kujengwa pembeni yake. Mwezi wa nne wa kalenda ya mwezi, siku za kuzaliwa Budha, taa za karatasi zenye umbo la yungiyungi hufunika uwanja mzima hadi mbingu haionekani.

Mambo ya mfukoni ni machache. Kiingilio cha Gyeongbokgung ni won 3,000, na aliyevaa hanbok, vazi la asili la Wakorea, haombwi tiketi. Ziara nyingine za bei nafuu humalizia kwenye duka la ginseng, mizizi ya dawa, au la mawe ya thamani, kwa hiyo uliza kabla hujalipa. Januari ni baridi ya kukata masikio, na uwanja wa mawe hauna pa kujificha.

Gyeongbokgung hufungwa Jumanne. Siku hiyo ziara nyingi huenda Changdeokgung badala yake, na watu wengine hukasirika kwamba wamekosa kasri lenyewe. Ukiwa miongoni mwao, mwombe mwongozaji akupeleke mbele ya Huijeongdang, mojawapo ya nyumba za ndani za kasri hilo. Mwaka 1917 nyumba za ndani za Changdeokgung ziliungua. Ili kuzijenga upya, Wajapani walizibomoa nyumba za kulala mfalme na malkia kule Gyeongbokgung na kuzihamishia mbao zake huku, na zile unazoziona Gyeongbokgung sasa ni za mwaka 1995. Nenda ubavuni mwa Huijeongdang uinue macho hadi kwenye pembetatu ya ukuta chini ya paa. Upande mmoja utaona herufi ya Kichina inayosomwa "gang," na upande wa pili "nyeong." Ndilo jina la nyumba ya kulala mfalme kule ilikotoka, Gangnyeongjeon, na hadi leo halijafutwa.